MAFUNZO MAFUPI YA KAZI ZA MIKONO SHULENI

Wako wazazi wanaodhani kwamba kazi ya mikono ni fungu la mtoto aliyeshindwa na vitabu. Fikira hiyo si ya kweli, tena imetugharimu.

Mpango wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ufundi, kilimo na sayansi kimu vilifundishwa katika shule za msingi, na wazazi wakachanga fedha kujenga karakana. Lakini zana zilikuwa haba, na mara nyingi mtoto alikariri majina ya vyombo ambavyo hajapata kuvishika. Baadaye masomo kadha ya namna hiyo yaliondolewa katika mtihani.

Sasa nafasi imerudi. Wanafunzi wa kwanza wa Sekondari Msingi waliingia Gredi ya 7 mwaka 2023, na mwaka 2026 wakaingia Gredi ya 10. Huko kuna mikondo mitatu: sayansi na ufundi, sayansi za jamii, tena sanaa na michezo. Mtoto wa miaka 14 au 15 hana budi kuchagua mmoja. Je, atachaguaje asichopata kukionja?

Dawa moja ni mafunzo mafupi ya hiari, yaani kazi moja kwa majuma sita, saa mbili kila juma. Muhula ukiisha, mwanafunzi huchagua kazi nyingine. Kwa hiyo katika miaka mitatu aweza kuonja kazi tisa: useremala, ushonaji, bustani ya mboga, ufugaji wa kuku, na kadhalika.

Tutwae mfano wa kutengeneza baiskeli, maana vifaa vyake ni rahisi na faida yake yaonekana upesi.

Juma la 1: Kujua sehemu za baiskeli na spana zake.

Juma la 2: Kuziba pancha. Toa mpira wa ndani, ujaze upepo, uuzamishe katika karai la maji. Mahali panapotoka mapovu ndipo palipotoboka. Pakaushe, upasugue kwa msasa, upake gundi, nawe ungoje hata ikaribie kukauka ndipo ubandike kiraka. Kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi kutafuta mwiba. Asiyeutoa mwiba atafanya kazi ile ile kesho.

Juma la 3: Kurekebisha breki. Hapa mwalimu asiwe na haraka, kwani breki mbovu huua.

Juma la 4: Kusafisha mnyororo na kuutia mafuta.

Juma la 5: Kufungua kitovu cha gurudumu, kuosha gololi na kutia grisi mpya. Gololi zihesabiwe kabla ya kuoshwa.

Juma la 6: Kila mwanafunzi apewe baiskeli yenye kasoro, atafute ubovu mwenyewe, autengeneze, kisha aeleze alivyofanya.

Angalieni kwamba kazi hiyo haikuviacha vitabu. Anayehesabu meno ya gia kubwa na ya gia ndogo anajifunza uwiano. Meno 44 yakizungusha 22, gurudumu huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Hesabu iliyomtatiza mtoto ubaoni humwelea mara anapoizungusha kwa mkono wake.

Walimu na kamati za shule wakumbuke mambo manne. Kwanza, darasa liwe dogo, wanafunzi 12 hivi, ili kila mmoja ashike zana. Pili, fundi wa kijijini aalikwe kufundisha pamoja na mwalimu, naye alipwe haki yake. Asifanywe kibarua wa bure. Tatu, wasichana wasisukumwe jikoni wala wavulana wasikatazwe sindano. Mafunzo ya hiari maana yake mtoto achague. Nne, mafunzo haya yasigeuzwe njia ya kuwatumikisha watoto katika shamba la shule.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na mikono yenye grisi, msimkemee. Mwulizeni ametengeneza nini. Pengine atakuwa mhandisi, pengine mwalimu au karani, lakini hatakuwa mtu wa kukaa kando ya njia akingoja mwingine amzibie pancha. Ujuzi hauzeeki.