Kuchora kwa miraba midogo

Leo tujifunze namna moja ya kuchora. Mwaka 1992 kompani Nintendo ya Japani ilitoa Mario Paint, programu ya watoto kwa mashini yake ya michezo, Super Nintendo, yenye kuungwa na televizio. Mtoto alipewa kipanya: akikisukuma juu ya kibao, kalamu inatembea kwenye televizio.

1. Picha ndogo. Iko na miraba 16 kwa 16, ni kusema 256. Kila mraba unapata rangi moja tu. Ukiwa karibu unaona miraba. Ukienda mbali unaona ndege ao uso wa mtu.

2. Picha yenye kutembea. Mtoto anachora picha 4, 6 ao 9, kila moja tofauti kidogo na ingine. Zikipita mbio, jicho linaona mtu anatembea.

3. Kutunza. Kaseti ya mchezo ilitunza kazi moja tu. Ukiweka mpya, ya zamani inafutika. Basi mtoto alipashwa kuchagua, ao kuinasa kwenye kaseti ya video.

Zoezi. Hata pasipo mashini tunaweza. Kamata karatasi ya kaye yenye miraba, hesabu 16 kwa 16, chora kuku. Usigawanye mraba. Jicho lake ni mraba mmoja: ukikosa mahali pake, kuku si kuku tena. Kwa hiyo tufikiri kwanza, halafu tutie rangi.