Intaneti ina kasi, mbona malipo yanachelewa? Jinsi ya kupima foleni kwenye ruta ya duka

Huenda hali hii unaijua. Mnunuzi amesimama kaunta, wewe umebonyeza kitufe cha kuomba malipo kwenye kompyuta ya duka, na simu yake bado kimya. Unabonyeza tena. Mara maombi mawili yanaingia kwa mpigo, na asipokuwa makini ataweka PIN mara mbili. Ukipima intaneti, kasi ni ile ile unayolipia kila mwezi. Sasa shida iko wapi?

Mara nyingi shida si kasi, ni foleni.

Bafa ni nini?

Ndani ya ruta kuna programu ndogo iitwayo draiva, ambayo kazi yake ni kuendesha kadi ya mtandao. Kati ya mfumo wa ruta na kadi hiyo hutengwa sehemu ya kumbukumbu, yaani bafa, ambapo pakiti za data husubiri zamu ya kutoka. Bafa inahitajika: bila hiyo, pakiti zikija nyingi kwa ghafla zingepotea. Lakini ikiwa kubwa kupita kiasi, kila kitu kinapangwa tu na foleni inarefuka.

Hebu tupige hesabu. Kwa miaka mingi mfumo wa Linux, unaotumika kwenye ruta nyingi, uliruhusu foleni ya pakiti 1000. Pakiti kamili ni baiti 1500, na baiti moja ni biti 8. Jumla ni biti milioni 12. Kama laini yako inapandisha data kwa megabiti 1 kwa sekunde, pakiti ya mwisho itangoja sekunde 12! Kwa hivyo mtu akipandisha video kwa wai-fai ya duka, ombi lako la malipo, dogo jinsi lilivyo, linakaa nyuma ya video. Ni kama bodaboda iliyokwama nyuma ya malori mahali pasipo na pa kupenya.

Wataalamu walirekebisha nini?

Mwaka 2010, Jim Gettys wa Bell Labs alifuatilia ucheleweshaji wa aina hii kwenye intaneti ya nyumbani kwake, na tatizo la bafa zilizovimba likaanza kujadiliwa kwa upana. Mwaka 2012, Linux 3.3 ilileta mbinu ya BQL: draiva inaripoti ni baiti ngapi zimekwisha kutoka, na mfumo unaweka kwenye foleni ya kadi kiasi cha kuifanya isikae bure, basi. Mwaka huo huo Linux 3.5 ikaja na fq_codel, inayotenganisha mazungumzo ili dogo lisifunikwe na kubwa. Pia inaangalia pakiti zimekaa muda gani. Zikizidi kuchelewa zaidi ya milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100, inaanza kuzitupa baadhi ili mtumaji apunguze mwendo.

Pima mwenyewe

1. Duka likiwa tulivu, fungua kompyuta iliyounganishwa na ruta, tumia amri ya ping kwa dakika moja na uandike muda wa kawaida na muda mrefu zaidi.
2. Anza kupandisha faili kubwa, kisha rudia ping. Tuseme mwanzo ilikuwa milisekunde 40 na sasa ni 900: hapo foleni imejificha.
3. Kama ruta yako ina sehemu ya SQM, iwashe, na uweke kikomo cha kupandisha data kwenye asilimia 90 hivi ya kasi uliyopima. Hivyo foleni inabaki kwenye ruta yako, mahali unapoweza kuisimamia.
4. Rudia kipimo mara tano ukiwa umewasha, mara tano ukiwa umezima, kwa kupokezana. Usibadilishe kitu kingine katikati, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Wanaopima draiva mpya hufuata kanuni hiyo hiyo: mashine ile ile, mzigo ule ule, toleo la zamani kwa jipya. Huangalia pia kasi na kazi ya prosesa, kwa sababu bafa ikiwa ndogo mno laini inakaa bila kazi.

Usidanganywe na wastani

Malipo 99 yakichukua sekunde 0.2 kila moja, na moja lichukue sekunde 12, wastani ni kama sekunde 0.32. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Lakini mnunuzi aliyengoja sekunde 12 ndiye atakayelipa mara mbili, au aache bidhaa aende zake. Ndiyo maana kipimo kizuri huandika na ule muda mrefu zaidi.

Wakati bado unarekebisha

Ombi likichelewa, usibonyeze tena mara moja. Angalia kwanza orodha ya miamala kwenye akaunti yako, na umwombe mnunuzi aangalie ujumbe kwenye simu yake. Na kabla hujalipia kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, pima foleni kwanza. Huenda laini uliyonayo inatosha kabisa.