Kiasi: Amua Kabla Jaribu Halijabisha Hodi

Katika Wagalatia 5:22-23, Paulo anataja kiasi mwishoni mwa tunda la Roho. Wewe kianze asubuhi. Wengi husubiri kishawishi kifike ndipo wahangaike nacho. Panga mapema.

Chagua jambo moja. Ulimi, hasira, simu, kubeti, ulafi: usiyavamie yote kwa pamoja. Andika linalokusumbua zaidi na wakati linapokupata. Ni usiku ukiwa peke yako? Ni siku ya mshahara?

Jiwekee sharti linalopimika. Danieli alikata shauri mapema kutokula chakula cha mfalme, akaomba ajaribiwe kwa mboga na maji siku 10. Fanya hivyo. “Saa tatu usiku simu inalala sebuleni.” Shika hilo siku 10, kisha endelea.

Omba kwa kutaja jambo lenyewe. “Bwana, leo nakutana na yule mteja mkorofi. Nilindie kinywa changu.” Dakika moja kabla ya kutoka nyumbani inatosha kuanzia.

Chelewesha hasira. Nehemia aliposikia wakubwa wanawatoza ndugu zao riba, alikasirika sana. Alitafakari kwanza, kisha akawakemea. Nawe andika ile meseji kali, usiitume. Isome kesho. Kama bado kuna la kusema, liseme ana kwa ana.

Kimbia inapobidi. Yusufu alimwachia mke wa Potifa vazi lake, akatoka mbio. Futa programu ya kubeti. Zuia ile namba. Badilisha njia ya kurudi nyumbani. Usikae kubishana na kishawishi.

Pesa igawe siku ile ile inapoingia. Toa sadaka, weka kando kodi, ada na akiba. Kilichobaki ndicho cha kutumia. Ukiona kitu cha kuvutia dukani, kipe siku mbili. Mara nyingi hamu itapoa.

Funga hata nje ya Kwaresima. Anza na mlo mmoja kwa wiki. Muda wake uwe wa sala, na pesa yake umpe mwenye njaa. Kama una mimba, unanyonyesha au unatumia dawa, muulize daktari kwanza, au funga mitandao badala ya chakula.

Tafuta mtu wa kukuuliza. Yakobo 5:16 inatuagiza tuungamiane dhambi na kuombeana. Mchague mmoja mwenye kifua, kutoka jumuiya yako au kikundi cha maombi. Mwambie akuulize kila Jumapili: “Wiki hii imekwendaje?” Jibu bila kuzunguka.

Ukianguka, tubu siku hiyo hiyo. Usingoje Jumatatu wala mwaka mpya. Tito 2:11-12 inasema neema ya Mungu ndiyo inayotufundisha kuishi kwa kiasi. Na katika shule hiyo, mwanafunzi akikosea harudishwi nyumbani. Tafuta ulipoteleza: saa ngapi, wapi, na nani? Rekebisha sharti lako hapo, usiku huo huo.