Kutembeza Picha za Mashujaa

Muhula huu wanafunzi kadhaa wa Chama cha Uchoraji wameniletea vitabu vya katuni walivyovitunga wenyewe, vyenye mashujaa wa kuruka angani na kuinua magari kwa mkono mmoja. Karibu wote wameniuliza swali lile lile: “Mwalimu, twawezaje kuzifanya picha hizi zitembee kama sinema?” Kwa kuwa swali ni la wengi, nimeona afadhali nilijibu hapa, ili na wazazi wapate kujua watoto wao wanashughulika na nini baada ya saa za masomo.

Kwanza tufanye hesabu. Filamu hupitisha picha 24 kwa kila sekunde moja. Mchoraji wa katuni kwa kawaida huupiga picha kila mchoro mara mbili, hivyo michoro 12 humtosha kwa sekunde. Filamu ya dakika 7 ina sekunde 420. Zidisha kwa 12, utapata michoro 5,040. Na hapo tumemhesabia mtu mmoja tu; wakipigana wawili, kazi yazidi. Ndivyo zilivyotengenezwa huko Marekani filamu fupi za Superman, zilizoanzishwa na ndugu wa ukoo wa Fleischer mwaka 1941. Hadi mwaka 1943 zilikuwa zimetoka 17 tu, na kila moja ilihitaji jeshi zima la wachoraji.

Televisheni ilipoenea, ilitaka katuni mpya kila wiki, tena kwa fedha kidogo. Ndipo ulipostawi mtindo ambao nitauita mwendo haba: kinachosogezwa ni kile tu kisichoweza kuachwa, na vingine vyote hukaa kimya. Wengi wenu mmemwona Yogi, yule dubu wa William Hanna na Joseph Barbera, amevaa kola na tai. Msidhani ni umaridadi. Kola ile huficha mahali kichwa kinapoungana na mwili, ili kichwa kichorwe peke yake kikigeuka na kusema, huku mwili ukibaki ule ule.

Sasa tuje kwa mashujaa. Mwaka 1966 kampuni iitwayo Grantray-Lawrence ilitengeneza vipindi 65 vya nusu saa juu ya mashujaa watano wa vitabu vya Marvel: Captain America, Hulk, Iron Man, Thor na Sub-Mariner. Kila kipindi kilikuwa na sehemu tatu za dakika 7 hivi, yaani sehemu 195 kwa jumla. Zidisheni wenyewe kwa 5,040 mwone kama kazi hiyo ingewezekana! Basi hawakuchora upya. Walizichukua picha za vitabuni zenyewe, zilizochorwa na Jack Kirby, Steve Ditko, Don Heck na wenzao, wakazinakili kwa mashine juu ya karatasi za plastiki angavu, wakazisogeza kidogo kidogo mbele ya kamera.

Kazi hiyo yaonekana rahisi mpaka uijaribu. Katika kitabu kila picha imo ndani ya kisanduku chake, na visanduku havifanani: kimoja chembamba na kirefu kama mlango, kingine kimelala kama ubao. Skrini ya televisheni ya siku zile ilikuwa na umbo moja tu, upana 4 kwa kimo 3. Kisanduku kirefu hukatwa, au kamera hushuka polepole toka kichwani hata miguuni. Tena viputo vya maneno hufunika sehemu ya picha. Ukiviondoa hubaki tundu, na mtu hana budi kulijaza kwa mkono unaofanana na wa mchoraji wa kwanza. Ukitaka mkono wa Captain America urushe ngao, yakupasa uukate mkono, kisha uchore bega na ukuta uliokuwa nyuma yake, maana Kirby hakuchora kile kisichoonekana.

Lakini taabu kubwa kuliko zote ni wakati. Kitabuni msomaji ndiye mwenye saa. Akipenda atatua juu ya picha moja, akipenda atafunua ukurasa. Aidha kisanduku kimoja huweza kubeba muda mrefu. Shujaa atupa ngumi, na papo hapo asema maneno ishirini, nasi hatuoni ajabu. Yapeleke hayo kwenye sinema: maneno ishirini huchukua kama sekunde nane, na ngumi hiyo itaning'inia hewani ikingoja mwenyewe amalize hotuba! Kwa hiyo kisanduku kimoja hupasuliwa vipande viwili au vitatu. Kwanza uso unaosema, ambao midomo yake tu husogea. Kisha jicho la adui. Kisha ngumi yenyewe, mara moja, kwa kishindo cha sauti na mtikisiko wa kamera. Msimulizi naye huunganisha mapengo.

Watu wengi wamezicheka filamu hizo, na ni kweli Hulk akikimbia hufanana na kabati linalovutwa kwa kamba. Mimi naona zilifaulu mahali pamoja muhimu. Mchoro wa Kirby una nguvu hata ukiwa umesimama: miguu imetanuliwa, ngumi yaja usoni pako. Kuuchora upya mara elfu kwa mistari myepesi kungeiua nguvu hiyo. Mwaka uliofuata, 1967, kampuni ile ile ilimchora upya Spider-Man, na ili kupunguza kazi ikaufuta utandu wa buibui kifuani pake, ikauacha kichwani, mikononi na miguuni tu.

Kuna jambo jingine lisilopendeza. Wachoraji wale walilipwa kwa ukurasa, na picha zikawa mali ya kampuni. Kirby alidai kurasa zake za asili miaka mingi, na mwaka 1987 akarudishiwa sehemu tu. Alifariki mwaka 1994, na warithi wake walipatana na Marvel mwaka 2014. Kwa sababu hiyo katika chama chetu jina la aliyechora litaandikwa mwanzoni mwa filamu, hata kama aliyesogeza picha ni mwingine.

Kazi yenu ni hii. Chagueni ukurasa mmoja wa kitabu chenu wenyewe, wenye visanduku visivyozidi sita. Msinakili mashujaa wa watu. Someni maneno kwa sauti huku mwenzenu ameshika saa, mkaandike kando ya kila kisanduku idadi ya sekunde. Kisha amueni ni kitu gani kimoja tu kitakachosogea katika kila kisanduku, mkikate kwa karatasi ya manila. Tutapiga picha kwa simu yangu, maana ninyi hamruhusiwi kuwa nazo shuleni, nayo itafungwa juu ya meza isitikisike. Kurasa ziwe kwangu kabla ya wiki ya mitihani. Wale wa Kidato cha Pili waliomchora shujaa mwenye mabawa ya manyoya mia na zaidi, tafadhali wahesabu kwanza kabla ya kuamua kwamba mabawa ndiyo yatakayosogea.