Mzee Hafanyi Makusudi: Kumtunza Nyumbani Mgonjwa wa Demensia



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia ugonjwa ambao katika nyumba nyingi hauitwi ugonjwa. Husemwa, "Bibi amezeeka tu," au "Babu amerudia utoto," au kwa sauti ya chini, "Amechezewa." Jina lake la kitaalamu ni demensia. Ubongo huharibika polepole, na mgonjwa hupoteza kumbukumbu, uwezo wa kufikiri na wa kusema, na hatimaye hata uwezo wa kuvaa, kula na kwenda chooni.

Uzee peke yake hauleti hayo. Mzee mwenye afya aweza kusahau alipoweka miwani, kisha akakumbuka. Mwenye demensia aweza kuishika miwani mkononi asijue ni ya kazi gani. Aina inayowapata wengi zaidi ni ile iliyoelezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hiyo huwapata hasa wenye shinikizo la damu au kisukari ambacho hakikutibiwa vizuri. Wala tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2010 watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Katika kila wazee 100, kama 6 walikuwa nao.

Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya matibabu ni uuguzi, na uuguzi huo hufanyika nyumbani kwenu, si wodini kwetu. Jambo la kwanza kulishika ni hili: mgonjwa huyu hafanyi makusudi. Kile mnachokiita fujo kina sababu, na kazi ya mtunzaji ni kuitafuta sababu hiyo kabla ya kukaripia.

Tafuta sababu

Chukua mfano wa babu aliyekuwa mvuvi hapa Bagamoyo kwa miaka arobaini. Usiku wa manane anaamka, anatafuta makasia, anataka kwenda pwani. Akizuiwa kwa nguvu anapigana. Je, amepandwa na wazimu? La hasha. Huenda mwili wake unakumbuka saa za kuingia baharini. Huenda amebanwa na mkojo na hakumbuki choo kiko wapi. Huenda amesinzia barazani mchana kutwa, sasa usingizi hana. Mpeleke chooni kwanza. Mpe maji anywe. Kisha kaa naye umwulize habari za bahari, maji yamejaa au yamekupwa? Mara nyingi, akisha kuzungumza kidogo, hukubali kurudi kitandani. Na mchana mpe kazi. Mpe kipande cha wavu ashone. Hata akikosea, mwache, kwani hatuutaki wavu, tunataka mikono yake iwe na shughuli na usiku wake uwe na usingizi.

Bibi naye anamwambia mkwewe, "Umeniibia fedha zangu." Mkwe analia, nyumba inagawanyika. Kumbe bibi amezifunga kwenye pindo la kanga akasahau, na kwa kuwa hazioni, kwake zimeibwa. Usibishane naye. Sema, "Pole, mama, tuzitafute pamoja." Jueni mahali anapopenda kuficha vitu: chini ya godoro, ndani ya mtungi, katika mto wa kulalia.

Kuoga ni vita katika nyumba nyingi. Hebu fikiri: mtu usiyemtambua anaingia, anakuvua nguo na kukumwagia maji ya baridi. Nawe ungepiga kelele! Mwogeshe wakati wa jua, kwa maji ya uvuguvugu. Mwambie kila hatua kabla ya kuifanya, ukianza na miguu, kichwa mwisho. Mama mzee abaki amejitanda kanga, nawe uoshe chini ya kanga hiyo. Ikiwezekana, mama aogeshwe na mwanamke na baba aogeshwe na mwanamume. Siku akikataa kabisa, mfute kwa kitambaa kwapani, usoni na sehemu za siri, basi. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kuoga siku moja.

Tena mfike mzee kwa mbele, si kwa nyuma, na umpe shikamoo yake kwanza. Nimewaona wengi waliosahau majina ya watoto wao, lakini "marahaba" haijawatoka. Vivyo hivyo sala na nyimbo za zamani hubaki muda mrefu. Anzisha Salamu Maria, utashangaa anavyoimalizia.

Na akimwuliza mumewe aliyekufa zamani? Ukimwambia kila mara, "Baba alikufa," kila mara anafiwa upya. Wengine huniuliza, "Sista, kunyamaza si kusema uongo?" Mimi naona si uongo. Huna haja ya kumwambia kwamba baba anakuja jioni. Mwambie, "Unamkumbuka sana baba, eh? Alikuwa akipenda kula nini?" Hapo umelijibu lile lililomsumbua, yaani upweke.

Akibadilika ghafla

Hapa nawaomba wasomaji muwe makini sana. Demensia huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri juzi, na leo anaweweseka, anaona watu wasiokuwapo, au amelala tu haamshiki vizuri, huyo ana jambo jingine lililompata. Yaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizo ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kukosa maji mwilini, au kiharusi. Hata kufunga choo kwa siku nyingi, au mkojo kuziba, humvuruga mzee namna hiyo. Na mzee aweza kuwa na maambukizo makali bila homa kupanda sana. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Wapo wanaocheleweshwa kwa siku kadhaa kwa sababu watu wa nyumbani walisema, "Ndiyo ule ugonjwa wake," au walianzia kwa mganga.

Dawa nazo huvuruga. Watu hununua Piriton au Valium dukani ili mzee alale. Dawa hizo zaweza kumzidishia mchanganyiko na kumfanya ayumbe, na mzee akianguka akavunja nyonga, mara nyingi hasimami tena kama zamani. Usimpe dawa ya usingizi bila daktari kujua.

Nyumba na majirani

Mafuta ya taa yasikae kamwe katika chupa ya soda. Kisima kifunikwe. Jiko la mkaa na kibatari visiachwe karibu naye peke yake. Njia ya kwenda chooni iwe wazi, na usiku kuwe na taa. Mpeleke chooni kila baada ya saa mbili hivi bila kungoja aseme, nanyi mtapunguza kufua mashuka.

Kuzurura ndiko kunakoniogopesha zaidi. Huku kwetu kuna bahari na kuna barabara ya magari yaendayo Dar es Salaam. Lakini kuna hatari nyingine, nayo ni watu. Bibi anatoka alfajiri, nguo zimemdondoka, anaingia kiwanja cha jirani akidhani ni kwao. Watu wanapiga yowe: mchawi! Tunajua kwamba huko Shinyanga na Mwanza, katika miaka iliyopita, akina mama wazee wengi waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa ajili ya macho mekundu tu, yaliyoletwa na moshi wa jikoni. Nani atamtetea huyu asiyejua hata kueleza alikotoka?

Kwa hiyo msifiche ugonjwa. Aibu ya kuueleza ni ndogo kuliko msiba. Waelezeni majirani, Wakristo kwa Waislamu, na mwenyekiti wa mtaa, na wanajumuiya, na vijana wa bodaboda kijiweni: "Bibi yetu anaumwa ugonjwa wa kusahau. Mkimwona peke yake, mpeni shikamoo, mshikeni mkono, mtupigie simu." Namba ya simu ishonwe ndani ya vazi lake. Mlango uwekewe komeo mahali asipopazoea, au kengele ndogo. Kumfunga kamba, au kumfungia ndani peke yake, siruhusu hata kidogo. Wamekufa watu kwa moto namna hiyo.

Chakula

Akae wima anapokula, na abaki ameketi nusu saa baadaye. Samaki wetu wana miiba: mchambulie wewe. Mwekee chakula cha aina moja kwa wakati, na kile cha kushika mkononi, kama muhogo wa kuchemsha au ndizi, humsaidia ajilishe mwenyewe. Wazee hawasikii kiu vizuri. Katika joto la Januari na Februari mpe maji kidogo kidogo mchana kutwa. Anayepaliwa mara kwa mara apewe uji mzito kiasi badala ya vitu vya majimaji. Padre akimletea Komunyo, mwambieni mapema, naye atampa kipande kidogo kabisa.

Anayetunza

Mara nyingi mzigo wote humwangukia mtu mmoja: mkwe, au binti asiyeolewa, au mjukuu aliyeachishwa shule kimya kimya. Hili la mjukuu silikubali. Ndugu walioko Dar es Salaam hutuma fedha kwa simu, nasi tunashukuru, lakini fedha haiamki usiku. Kaeni kikao cha ukoo, pangeni zamu. Kila mmoja aje japo wiki moja. Mtunzaji asiyelala ndiye huanza kufoka, kisha kupiga. Ukijiona umefika hapo, mwache mzee mahali salama na jirani, toka nje, omba msaada siku hiyo.

Mkija kliniki, aje yule anayelala naye, si yule mwenye gari. Andikeni kwenye daftari tangu lini mlianza kuona mabadiliko, analala saa ngapi, alianguka lini. Apimwe presha, sukari, macho na masikio, kwa maana asiyesikia huonekana amechanganyikiwa kuliko alivyo. Hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee wa miaka 60 na zaidi, ulizeni hapo. Na dawa zote anazotumia, za hospitali, za dukani na za mitishamba, zileteni katika mfuko mmoja.