Kuongeza Amri katika Menyu ya Kompyuta: Mfano wa Frasila za Tabora

Mwanafunzi asomaye habari za misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora hadi Ujiji, hukutana na kipimo kiitwacho frasila. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na mzigo wa mpagazi mmoja mara nyingi ulikaribia frasila 2. Tukichukua frasila moja kuwa ratili 35, tunapata kilo 15.88. Mwenye mizigo 200 katika lahajedwali, yaani jedwali la hesabu la kompyuta, atachoka kuigeuza mmoja mmoja.

Menyu ni orodha ya amri iliyo juu ya ukurasa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ambayo menyu zake zilisomeka kwa Kiswahili. Hapo zilitafsiriwa amri zilizokuwamo tayari. Sisi tunataka kuongeza amri isiyokuwamo, na njia yake ni skripti, yaani maagizo mafupi ambayo mtumiaji huyaandika mwenyewe.

Katika Google Sheets, fungua Extensions, kisha Apps Script, uandike:

function onOpen() {
  SpreadsheetApp.getUi()
    .createMenu('Msafara')
    .addItem('Frasila kuwa kilo', 'geuza')
    .addToUi();
}

function geuza() {
  var f = SpreadsheetApp.getActiveRange();
  var kilo = f.getValues().map(function (s) {
    return [s[0] * 15.88];
  });
  f.offset(0, 1, kilo.length, 1).setValues(kilo);
}

Hifadhi, kisha fungua jedwali upya. Jina onOpen lisibadilishwe, kwa kuwa ndilo ambalo programu hulitafuta kila jedwali lifunguliwapo. Menyu ya Msafara itatokea juu. Chagua safu wima moja ya frasila, kisha bonyeza amri yako. Mara ya kwanza utaombwa idhini. Neno 'geuza' katika addItem lazima lifanane, herufi kwa herufi, na jina la maagizo ya pili.

Msomaji atazame mstari wenye offset. Ndio unaoandika majibu katika safu wima ya kulia na kuacha namba za asili zilivyo. Nilipoandika skripti hii mara ya kwanza niliona mstari huo ni urembo tu, nikaandika f.setValues(kilo), majibu yakakaa juu ya frasila zenyewe. Mwanafunzi mmoja alibonyeza mara mbili. Mzigo wa frasila 2 ukawa kilo 31.76, kisha ukawa 504, na hakuna mpagazi wa Unyamwezi aliyepata kubeba hivyo! Kosa hilo lilionekana kwa sababu lilikuwa kubwa mno.

Lipo jingine lisiloonekana. Wengine huhesabu frasila kuwa ratili 36, yaani kilo 16.33. Kwa frasila 100 za pembe, tofauti ni kilo 45. Abonyezaye menyu haioni namba 15.88, huona jina la amri tu, akaliamini. Kwa hiyo jina hilo liseme wazi: 'Frasila kuwa kilo, ratili 35'. Chini yake ongeza addItem nyingine, yenye maagizo yake na namba 16.33, iitwe 'Frasila kuwa kilo, ratili 36', ili mwanafunzi achague mwenyewe na aandike katika daftari lake alichochagua.