Saa ya Maji: Mafunzo Niliyopata Horini Lindi

Sisi wa Songea tunaishi chini ya milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanza safari yake ya kilometa zipatazo 800 kwenda Bahari ya Hindi. Mto tuliokua nao huteremka tu, masika na kiangazi. Nilikuwa nimepita miaka arobaini nilipouona mto ukirudi ulikotoka, ukipanda bara huku umebeba majani ya mikoko. Ilikuwa Novemba, mjini Lindi, kwenye hori ambamo Mto Lukuledi hukutana na bahari. Mimi na wadogo zangu wawili tulikodi mashua ya tanga itupeleke kijiji kimoja cha ndani ya hori, tule samaki na kunywa kidogo, turudi jioni. Tulirudi alfajiri.

1. Lindi si ugenini kwetu

Enzi za Mwingereza, Songea ilikuwa wilaya ya Jimbo la Kusini, na makao makuu ya jimbo yalikuwa Lindi kabla ya kuhamishiwa Mtwara. Leo lami inatutoa Songea hadi baharini: Tunduru, Masasi, Ndanda, Mingoyo. Kuanzia Masasi barabara huteremka na bonde la Lukuledi, kwa hiyo basini tulikuwa tumeandamana na mto huo bila kuwaza kwamba kesho yake tungekuwa juu yake. Tunahesabu Dar es Salaam kuwa ndiyo bahari yetu. Naona tunakosea.

2. Uliza maji kabla ya kuuliza bei

Nilipofika ufukweni niliamkia, kisha nikauliza nauli. Nahodha, mzee wa makamo ya baba yangu, hakunijibu nauli. Aliangalia alama ya maji kwenye nguzo, akasema, "Mwanangu, leo yanajaa saa kumi na moja jioni. Tutaondoka saa saba, na saa kumi na moja tunageuza." Nilidhani ni saa alizojipangia mwenyewe.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50, kwa kuwa zinafuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti ya juu na chini hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasogea kwa unyonge. Sisi tulikwenda siku mbili baada ya mwezi mpevu, maji yakiwa na nguvu zake zote.

Mtu wa mkoa wetu wa Ruvuma huona maji makubwa Mbamba Bay, na Ziwa Nyasa lina mawimbi ya kutisha upepo ukivuma. Lakini mtumbwi uliouacha unaelea asubuhi, jioni utaukuta unaelea. Horini mahali palipokuwa na vina vya kuzamisha mtu, baada ya saa sita panatembea kaa.

3. Mashuani kaa unapoambiwa

Tuling'oa nanga maji yakijaa na upepo wa baharini ukiwa nyuma yetu. Kijana mmoja alipandisha foromali, tanga likajaa, na kelele zote zikaisha isipokuwa maji ubavuni. Kushoto na kulia mikoko ilikuwa imesimama ndani ya maji hadi kwenye matawi. Mdogo wangu mmoja akasimama kupiga picha, mashua ikalala upande, nahodha akamwita kwa sauti ambayo hakuirudia tena safari nzima. Tulikuwa watu sita. Jaketi okozi zilikuwa mbili.

4. Chakula kwanza, pombe iulizwe kwa adabu

Hapa ndipo nilipojifunza mengi. Kijiji kile hakina mgahawa wenye bango. Nahodha alikuwa ametuma ujumbe asubuhi kwa mama mmoja, na huyo ndiye aliyetupikia: changu wa kuchoma, kamba wa mchuzi wa nazi, wali wa nazi, na muhogo. Bila ule ujumbe tungekuta majiko yamezimwa, kwani hakuna anayekuna nazi kwa ajili ya mgeni ambaye huenda asije. Samaki wale walikuwa wametoka majini asubuhi hiyohiyo. Mimi niliyelelewa na dagaa Nyasa waliokauka, nilinyamaza nikala.

Baada ya kunawa, mdogo wangu akauliza kwa sauti, pale pale barazani, klabu iko wapi. Wazee wakatazama chini. Msikiti ulikuwa hatua chache kutoka pale. Nahodha akatuchukua taratibu hadi nje ya kijiji, kwenye minazi, ambako mgema huuzia tembo lake chini ya kibanda cha makuti. Wanywaji wako huko, wanaosali wako huku, na wote ni ndugu. Mpaka ule wanaulinda kwa heshima, na mgeni anapaswa kuuliza faraghani kwa mtu aliyemleta.

Tembo la mnazi lilinikumbusha nyumbani. Kwetu ulanzi hugemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua: asubuhi ni mtamu, mtoto anaweza kuuomba; jioni umekuwa mkali. Tembo nalo ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba mgema wa ulanzi anainama na mgema wa mnazi anapanda. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa korosho, palikuwa pia na uraka, unaotokana na maji ya mabibo yaliyoachwa yachachuke. Una utamu wenye ukakasi unaoshika ulimi. Tulionja, tukaongeza. Tukakaa na watu wanaozungumza vizuri, wakitaka kujua habari za mahindi ya Songea na bei ya mbolea.

5. Kupwelewa si bahati mbaya

Saa kumi na moja nahodha alikuja kutuita. Niliomba nusu saa. Alikuja tena na tena, kila mara nikaomba nyingine. Tuliondoka saa moja usiku. Upepo ulikuwa umekufa, tanga linaning'inia, na vijana wakaanza kusukuma kwa pondo katika mkondo uliokuwa ukipungua tukiuona. Saa mbili mashua ilikwama kwenye tope, ikalala ubavu. Watu wa pwani wana kitenzi kimoja kwa jambo hilo: tulipwelewa.

Maji yaliendelea kupwa hadi saa tano na ushee. Kushuka haikuwezekana, tope lilimeza pondo karibu nusu. Tulikaa na mbu, na mwezi ukachomoza juu ya mikoko iliyobaki uchi, mizizi yote nje. Saa nane usiku niliisikia mashua ikitikisika kidogo, kisha ikasimama wima. Usiku kucha mzee hakunilaumu. Nilimwomba radhi, naye akanijibu, "Maji hayajui mgeni." Ningelipenda anilaumu.

Kosa lilikuwa langu. Vijana wawili walikosa kwenda kuvua alfajiri ile kwa sababu nilitaka bakuli moja zaidi, na ile siku yao niliilipa, ingawa mzee hakuidai.

6. Siku ya kwenda

Bamvua kwenye pwani yetu hujaa jioni, mnamo saa kumi, hivyo mgeni hupata muda mfupi kabla ya giza. Maji mafu hujaa mnamo saa nne asubuhi: unaingia na maji ya asubuhi, unakula mchana, na unapotoka maji yanayopwa yanakusukuma kwenda mjini, mchana kweupe. Maji yake ni haba kuliko ya bamvua, kwa hiyo saa ya kugeuza bado ni ya nahodha.

Ndugu zangu wa Songea mnaopanga kushuka Lindi Desemba hii: tazameni mwezi kabla ya kukata tiketi ya basi, tumeni ujumbe kwa mpishi mapema, na msiingie mashuani mpaka kila mtu amevaa jaketi okozi, hata kama itabidi mzinunue wenyewe na kumwachia nahodha.